Folda Zilezile

Fundi wa kompyuta wa ofisi ya hali ya hewa mjini Labasa alikuwa na vidole vinene na sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mashine za pale zilikuwa za namna tatu, kila moja na mfumo wake, lakini programu ya kuchora njia ya kimbunga aliiweka katika folda zenye majina yaleyale kwenye zote. Ikijiweka kwingine, aliifuta akaanza upya, akinong'ona majina ya folda.

"Kaka, utazeeka ukipanga makabati yasiyoonekana!" Vilimaina, mtabiri wa zamu, alimtania. Fundi aliendelea kufuta.

Asubuhi ya kimbunga paa lilivuja, maji yakaiua kompyuta ya Vilimaina kabla hajatoa onyo kwa vijiji vya pwani. Akakimbilia mashine ambayo hakuwahi kuigusa, akampigia fundi simu.

"Programu iko wapi, kaka? Watu watakufa!"

"Ilipo siku zote, dada. Fungua folda ya vimbunga, halafu ya ramani."

Ilikuwepo. Onyo lilipokwisha kusomwa redioni, na watu wa pwani wakipanda mlimani, ndipo Vilimaina alipotambua kwamba fundi hakumuuliza kabisa yuko kwenye mashine ipi.