Binti yangu alifaulu thermodynamics, mimi nikamhamisha kozi

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea.

Mimi ni mzee wa huku Ngaramtoni, elimu yangu kidato cha nne. Nikikosea maneno ya wasomi mtanirekebisha. Habari yenyewe sijaitia chumvi.

Binti yangu, nimwite Naserian, alikuwa anasoma engineering chuoni, hapa hapa Arusha. Mwaka wa kwanza kuna somo linaitwa thermodynamics and heat transfer. Ni elimu ya joto: linatoka wapi, linakwenda wapi, linapita kwenye nini.

Akafeli. Akapewa sup, yaani mtihani wa marudio.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Badala ya kusubiri, niliitisha kikao cha ukoo. Kwetu mtoto akienda chuo ni mtoto wa wote. Kaka yangu mkubwa akasema, "Joto la jiko tu linamshinda, ataweza la mashine?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, binti mwenyewe akitumiminia chai. Nikatamka mbele ya wote kwamba atahamia kozi ya ugavi.

Sup akaifanya. Akaja na matokeo kwenye simu, anatabasamu.

"Baba, nimefaulu. Mwanzo nilikuwa nakariri tu, sasa naelewa."

Nilipaswa kufurahi. Lakini kwetu neno ukishalitoa kikaoni, kulirudisha ni aibu. Watasema mzee anaongozwa na watoto.

Nikamwambia, "Hongera mwanangu. Ila wazee walishaamua."

Hakubisha. Akahama.

Likizo iliyopita alikuwa nyumbani. Maziwa yangu ya jioni yalikuwa yanachachuka kabla ya asubuhi, kituo cha maziwa wanayakataa. Nilikuwa nayaacha nje kwenye keni, nikiamini baridi ya Meru inatosha.

Naserian akalibeba keni, akalizamisha hadi shingoni kwenye pipa la maji ya mfereji, akawa anakoroga maziwa taratibu.

"Kwani maji yana baridi kuliko hewa?" nikamuuliza.

"Baridi ni ile ile, Baba. Ila maji yananyonya joto haraka, hewa inachelewa. Ukiliacha hewani, maziwa yanakaa na uvuguvugu muda mrefu, wadudu wanafanya sherehe."

Asubuhi maziwa yakapokelewa. Aliporudi na keni nikamuuliza, "Hilo ndilo lile somo?"

"Ndilo."

"Mbona hata mimi nimeelewa? Lilikuwa gumu wapi?"

Akaendelea kuosha keni. "Halikuwa gumu tena, Baba. Nilikuambia."

Nimetukanwa sana maishani, lakini hayo maneno, ambayo wala si matusi, ndiyo yaliyonikosesha raha mpaka leo.

Wazazi wenzangu, mtoto akikwama mpeni muda. Na kama ulishamhukumu mapema, usiogope kuirudisha hukumu yako. Mimi niliogopa midomo ya ndugu, nikamwacha binti alipe.

Jumapili hii baada ya ibada nimeitisha kikao kingine. Nitasema mbele ya wale wale kwamba nilikosea. Kaka atacheka, acha acheke.

Kabla sijaenda, nauliza walimu na wanafunzi wa vyuo mliomo humu: aliyehama engineering anaweza kurudi? Aanzie ofisi gani? Hata anayetaka kunisema, aniseme, nitasoma yote.

Naserian sijamwambia chochote. Sitaki kumpa tumaini halafu nimnyang'anye mara ya pili.