Kisiwa cha Ugali

Binti yangu wa kidato cha pili alipewa kazi ya shule: aeleze darasani jinsi miamba ya matumbawe inavyotokea, kwa mfano wa kushikika. Nina shahada mbili na hakuna inayohusu bahari, lakini mwanamume wa Kibamba mwenye vitabu ukutani hakubali kushindwa na homuweki. Nikamwambia alete beseni, ugali uliolala na donge la unga wa chapati.

Mama yangu alikuwa kwenye mkeka, ametupa mgongo. Ilikuwa siku ya nne hatuongei vizuri. Nilimhamishia kwangu kutoka Kunduchi baada ya goti kumwangusha bafuni, naye akakubali kila kitu isipokuwa kuiacha bahari. Wiki ile alitoroka asubuhi akarudi jioni, pindo la kanga limelowa, mkononi pweza mmoja, uso umenawiri. Nilifoka kama mtu aliyeogopa. Tangu hapo geti likafungwa kufuli na ufunguo ukakaa mfukoni mwangu. Mwanamke aliyenifundisha kutembea, nikamfungia kama kuku wa kisasa.

Nikasimamisha ugali katikati ya beseni. "Hiki ni kisiwa cha volkano. Vinyama vidogo vinajishika pwani yake, vinajijengea mifupa ya chokaa. Vikifa, vingine vinajenga juu yake." Binti akauzungushia ugali ukanda wa donge, akaubana kabisa. Aina ya kwanza: mwamba ulioshikana na nchi kavu, kama wa pwani yetu.

"Sasa kisiwa kinazama taratibu. Vinyama vinataka jua, kwa hiyo vinazidi kujenga kwenda juu." Tukamega ugali, tukainua donge, tukamimina maji. Kati ya kisiwa na mwamba pakatanda maji: aina ya pili. Mwisho tukauondoa ugali wote, ikabaki pete peke yake. Aina ya tatu, atoli. Nilijisikia profesa.

"Baba, kwa hiyo kisiwa kimeondoka, ila umbo lake bado lipo?"

Nilikuwa natafuta jibu la kifalsafa mama alipogeuka.

"Mnamaliza unga wa watu."

"Bibi, ni homuweki!"

"Homuweki yenyewe mmekosea. Mke mwenzangu, nisogezee."

Aliitazama pete yetu kama anavyotazama samaki wa juzi, kisha akaibana kwa kidole gumba na kung'oa kipande.

"Mama, umeiharibu," nikasema.

"Wewe umesoma, baba, ila hujakanyaga. Mie nimetembea juu ya mwamba tangu sijavaa kanga. Hakuna mwamba uliozibwa hivi. Mto unapomwaga baharini vinyama hao hawaoti, hawapendi tope, panabaki pengo. Na bahari nayo lazima ipite. Maji yasipopishana yanakuwa moto kama ya kuogea mzazi. Walio ndani wanageuka weupe, wanakufa. Wenye afya wako kule nje, wanakopigwa na wimbi."

Binti alikuwa anaandika mbio. "Bibi, rudia hapo pa wimbi."

Mama hakuwa anazungumzia geti. Namjua, akitaka kunisema hunisema wazi, tena mbele ya wageni, na hapo ningejitetea. Alikuwa anazungumzia bahari tu, mikono ndani ya beseni, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya pweza. Mfukoni nilikuwa nimeushika ufunguo hadi meno yake yakanichora kiganjani.

Nikauweka kando ya beseni. Mama akaufuta unga, akaufunga kwenye pindo la kanga bila kusema asante, kama kitu chake kilichokuwa kimepotea.

"Goti lako, mama."

"Goti linajua njia. Jumamosi ni bamvua, maji yatatoka mpaka mwisho. Mke mwenzangu, utanishika mkono?"

"Nitakushika, Bibi."

"Na mimi?" nikauliza.

"Una raba?"

Sina. Nina viatu vya kwendea semina. Walicheka wote wawili, mama kwa sauti ambayo nyumba yangu ilikuwa haijawahi kuisikia.

Jumamosi asubuhi nilisikia kufuli likifunguka, ndoo ikigonga geti, na sauti zao zikiteremka kuelekea barabarani. Nilibaki kitandani nikijizuia kuuliza watarudi saa ngapi.