Bibi wa Mzee wa Kinu

Unga wa mahindi unapotoka kwenye jiwe ungali moto una harufu yake, na harufu hiyo hainipiti salama. Hapa Kamalondo, mjini Lubumbashi, mtaa wa pili kutoka kwangu, kuna mashine ya umeme ya kusaga, na kila asubuhi akina mama hupanga foleni na ndoo zao, wakitaniana, weupe wa unga umewatua kwenye nyusi. Mimi hununua unga wa paketi dukani. Watoto wangu hunicheka, husema mama anajifanya mzungu, bukari ya unga wa dukani haina utamu. Kweli haina. Bukari ndiyo ugali wetu wa Katanga, na mwanamke wa kwetu asiyechagua mahindi yake na kuyasimamia hadi yasagwe hana neno la kusema mezani. Lakini sijawahi kuwaeleza kwa nini nazunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya ile mashine. Nitaeleza hapa, maana karatasi haina macho ya kunitazama.

Babu yangu mzaa mama, ambaye kwa desturi ya kwetu tulimwita Kambo, aliishi katika mji mdogo ulio kwenye barabara ya kwenda Kasenga. Jina la mji naliacha, kwa kuwa sipendi kutambuliwa. Ulikuwa mji wa kupendeza: njia moja kubwa yenye mijakaranda huku na huku, nyumba za matofali mekundu zenye baraza pana, kanisa, na nyuma ya kanisa kijito chenye maji baridi hata wakati wa joto. Juu ya kijito hicho mapadri wa zamani walijenga kinu cha kusaga nafaka kwa nguvu ya maji. Nje kulikuwa na gurudumu kubwa la mbao, ndani mawe mawili, moja limelala juu ya jingine. Kinu kilisaga mahindi ya vijiji vyote vya jirani hadi mashine za dizeli zilipofika, kikanyamaza. Badala ya kukibomoa, parokia ilikifanya makumbusho. Kambo, aliyekitumikia tangu ujana wake, akapewa ufunguo, akifagie na kuwaeleza wageni.

Kazi yake ya zamani ilikuwa kuchonga jiwe. Mawe yakisaga muda mrefu, mifereji yake hulainika na unga hutoka mzito, una harufu ya kuungua. Hapo mchongaji hulipindua jiwe la juu na kuigonga mifereji upya kwa nyundo yenye ncha, siku mbili tatu amelala ubavu. Vichembe vya chuma huruka na kumwingia ngozini. Migongo ya mikono ya Kambo ilijaa madoa meusi ambayo hayakutoka kwa sabuni wala kwa mchanga, naye aliyaonyesha kwa majivuno, maana mzee yule alipenda sifa kama wengine wanavyopenda sukari. Alisema mchongaji asiye na madoa ni mpishi. Makelele ya kinu yalikuwa yamemmaliza masikio. Alipaza sauti kila mahali, hata kanisani, mpaka padri akamwomba awe anasali kimoyomoyo. Na kwa sababu ya makelele hayohayo watu wa kinu walijifunza kusomana midomo. Ukimwita kwa nyuma, hakusikia. Ukisema naye uso kwa uso kutoka ng'ambo ya kijito, hata kwa kunong'ona, alikujibu. Hilo nililijua tangu utoto.

Nilipewa jina la mke wake, Mujinga, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwa Kiluba ni jina la mtoto aliyezaliwa kamba ya kitovu imemzunguka shingoni, jina la heshima kabisa. Na kwa kuwa nililibeba jina hilo, Kambo aliniita bibi yangu, yaani mke wangu, nami nikamwita bwana yangu. Huo ndio utani wa babu na mjukuu kwetu. Kila likizo alinigombeza kwamba simpikii, anakonda mbele za watu, nami nikamjibu aoe mwingine aone kama atampata mzuri kunishinda, na nyumba nzima ikacheka. Lakini jina lililokuwa la heshima kwa Kambo lilikuwa balaa Lubumbashi. Uwanjani shuleni hakuna aliyejali Kiluba. Kwa Kiswahili walilisikia kama tusi, wakanifuata wakiimba mujinga, mujinga. Nilipofika darasa la tano nilikuwa nimelifuta jina hilo kwenye madaftari yote. Nilibaki Béatrice, na binamu yangu aliyethubutu kuniita vingine mbele ya watu nilimpiga kofi.

Mwaka uliofuata, kipwa, yaani kiangazi chetu, kilipoanza na baridi ya asubuhi ikatulazimisha kuvaa sweta, masere, mtawa aliyetufundisha, alitangaza kwamba darasa la sita litakwenda kutembelea makumbusho ya kinu. Akautaja mji wa Kambo. Niliyekaa naye dawati moja aliitwa Solange, binti wa injinia, msichana mwenye jozi mbili za viatu vya shule wakati sisi tulikuwa na moja iliyokwisha visigino. Solange alikunja pua, “Kule mu pori tutaenda kuona nini?” Nilitaka anyamaze. Nilitaka, walau mara moja, anitazame kwa wivu. Nikamwambia, “Kambo yangu njo directeur wa ile moulin. Iko na bureau yake.” Mkurugenzi wa kinu, mwenye ofisi! Solange akashtuka, akawaambia wengine, na kwa wiki nzima nilitembea nimenyanyua kidevu. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa saa nne kwa basi. Nilijidanganya kwamba siku hiyo Kambo atakuwa ameenda shambani. Sikujua kwamba mama alikwisha kumpelekea habari kwa dereva wa lori la samaki.

Tulimkuta amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa koti la harusi yake, lililomzidi sasa mabegani, na miguuni makatambuga ya tairi. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Alikuwa ameyafungulia maji na kukiwasha kinu, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa miaka, ili wenzangu wakione kikisaga. Dirishani aliweka kifuko cha unga kilichofungwa kwa utepe wa kitenge, na mara moja nilijua kuwa ni cha mama. Akatukagua, sweta arobaini za buluu, akaniona, akanyoosha mikono yote miwili. “Mujinga! Bibi yangu! Bibi yangu amekuya!” Sauti yake ilizidi ya kinu.

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Wengi wao waliitwa bibi vivyo hivyo na mababu zao nyumbani, lakini kicheko cha kundi hakiulizi maswali. Solange hakucheka. Alilitazama lile koti, akashuka hadi kwenye makatambuga, akaniuliza taratibu, “Ule njo directeur?” Masere akageuka. “Béatrice, unamuyua huyu baba?”

Nilishusha sauti ili Kambo asisikie. “Hapana, masere. Shimuyue.” Simjui. Nilisema nimeinua uso, kama mtu mkweli anavyosema, na nilipomaliza nikaona kwamba Kambo hakuwa akinitazama machoni. Alikuwa akiitazama midomo yangu.

Mikono yake ilishuka polepole. Akajipangusa koti, kifua, mabega, tena kifua. Kisha akamgeukia masere, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akisema kwa sauti ya chini. “Unisamehe, masere. Macho ya buzee. Niliwaza ni mutoto wa kwetu.”

Alitueleza kila kitu, hakuruka hata kimoja: gurudumu, mhimili, mifereji ya jiwe, jinsi ya kuusikiliza unga kwa kidole gumba. Ila madoa ya mikono hakuyaonyesha. Mikono aliitia mifukoni kila alipoweza. Mwishoni alimpa kila mtoto unga moto kidogo kiganjani, aunuse na kuuonja. Aliponifikia mimi alisema, kwa adabu ya kumwambia binti mgeni, “Shika, mademoiselle,” akaumimina kutoka juu, kidole chake kisiguse changu. Niliulamba kwa sababu masere alikuwa akitazama. Tulipotoka nilipita karibu na lile dirisha, kile kifuko kikiwa usawa wa mkono wangu, nikakiacha palepale.

Kifuko kilifika kwetu baada ya wiki, kwa lile lori la samaki. Mama alimuuliza dereva, “Baba anasema nini?” Dereva akacheka. “Anasalimia bote. Na ule mademoiselle mwenye kusoma.” Mama naye akacheka, akadhani ni utani mpya. “Kumbe bwana yako amekubadirisha jina?” Nikasema ndiyo. Jioni hiyo bukari ilikuwa tamu, wote walisema hivyo, nami nilisingizia tumbo. Likizo ilipofika nilipelekwa kwa Kambo kama kawaida, na njia nzima niliyapanga maneno ya kuomba radhi. Alinipokea vizuri, vizuri kupita kiasi. Alinipa kiti, mimi mtoto, yeye akakaa kwenye kigoda. Aliniita Béatrice, akilitamka kwa uangalifu ili asilikosee. Nilingoja anigombeze kwamba simpikii. Siku ya tatu nikampikia mwenyewe, bukari ikawa na mabonge, nikasimama nikisubiri matusi yangu. Akasema, “Merci, Béatrice,” akala yote.

Ningeweza kusema wakati huo. Nilijiambia kesho, miezi miwili mizima ya kesho, na likizo tatu baadaye bado nilikuwa nikijiambia hivyo, mpaka lile lori likatuletea habari ya msiba. Kwenye matanga nililia kuliko binti zake. Wazee walinisifu, wakasema mtoto huyu alimpenda Kambo wake. Yapo mambo mengi niliyoyaonea haya maishani, lakini sifa ile ndiyo inayoniwasha ngozi mpaka leo. Husemwa majuto ni mjukuu. Wengine huitumia kama methali; mimi huisikia kama jina langu la tatu.

Kipwa kilichopita nilirudi. Tulikuwa tumetumwa Kasenga na ofisi, wanne katika gari moja, na wakati wa kurudi wenzangu walitaka kuona makumbusho wanayoyaona kwenye simu. Sikupata sababu ya kukataa. Mji bado unapendeza, pengine kuliko zamani, mijakaranda imekuwa mikubwa. Waliomjua Kambo wamekufa au wamehama. Kinu kimepakwa rangi. Gurudumu halizunguki tena. Ndani wameweka kipaza sauti kidogo kinachotoa makelele ya kusaga yaliyorekodiwa, ya chini, wageni waweze kuongea bila kuharibika masikio. Hakuna harufu yoyote. Ukutani kuna picha kubwa ya mwanamume amelala ubavu kando ya jiwe, nyundo mkononi, na picha imepigwa karibu kiasi kwamba madoa ya mkono yanaonekana moja moja. Chini yake wameandika: Mchongaji wa jiwe. Jina halijulikani.

Wenzangu walitoka kupiga picha kijitoni. Binti anayeongoza wageni aliniona nimekaa muda mrefu pale mbele, akanisogelea na kalamu yake. “Maman, ule tunamutafutaka jina. Bantu bote benye kuya tunabauliza. Weye unamuyua?”

Mimi leo ni mwanamke mzima. Nina watoto wakubwa, ofisini vijana husimama nikiingia, Solange alihamia Ulaya zamani na sidhani kama anakumbuka hata lile basi. Hakuna anayeweza kunicheka tena kwa lolote. Hata hivyo, kabla ya kufungua kinywa, niligeuka kwanza kuangalia nani yuko nyuma yangu.

Hapakuwa na mtu. Ndipo nikaielekea picha, nikainua uso ili midomo yangu ionekane vizuri.

“Namuyua,” nikasema. “Ni bwana yangu. Miye ni Mujinga.”