Kitone cha Mama Mkwe

Mke wangu ni mkutubi wa chuo, lakini wenzake humwita Mchora Nyota, nami siwalaumu. Kazi yake ni kuchora ramani za utafiti. Kila makala ni kitone kwenye skrini, na makala moja ikiitaja nyingine, uzi huziunganisha. Programu ikishaanza, vitone huelea gizani na kusogeleana polepole, vyenyewe kwa vyenyewe, naye huvitazama mpaka chai inapoa. Nikimsemesha hanisikii. Nimezoea; nilioa mtu na mbingu yake.

Mama yangu siku hizi hushinda kitandani, nusu usingizini, nusu macho. Maishani mwake aliandika makala moja tu, juu ya mbegu zinazolala ardhini miaka mingi kabla ya kuota. Alasiri moja alimwomba mkwewe amwangalizie kama kuna mtu aliyewahi kuisoma. Alijifanya anauliza tu, lakini vidole vyake vilikuwa vinasokota shuka.

Mke wangu akaketi ukingoni mwa kitanda, kompyuta mapajani. Ramani ya mbegu ikatanda, nzuri ajabu. Mama akatafuta kitone chake, akakikosa. Akageukia ukutani, akasema basi, si neno. Roho iliniuma, na hasira zangu zikamwangukia mke wangu: ndiyo nini kumwonyesha mgonjwa mambo haya?

Lakini yeye alikuwa amekumbuka mazoea yake mwenyewe. Kila ramani huiwekea kizingiti: makala isiyotajwa angalau mara tano haionekani, la sivyo skrini inajaa takataka. Takataka ni neno lake, na safari hii alilionea haya. Akashusha kizingiti mpaka moja.

Vitone vikachipuka pembezoni, vidogo, hafifu, vingi kuliko tulivyodhani. Kimoja kilikuwa cha Mama, kikining'inia kwa uzi mmoja.

Mke wangu akafungua makala iliyokuwa upande wa pili wa uzi, akasoma kimoyomoyo, akasita. Nikamkonyeza adanganye. Akasema kweli.

"Mama, huyu anakupinga. Anasema hesabu zako za ukurasa wa mwisho haziendani na ulichoandika."

Mama akageuka kutoka ukutani. Kisha nikaona anatabasamu.

"Ukurasa wa mwisho?" akauliza. "Basi alinisoma mpaka mwisho, mwanangu."