Blanketi la Mama Mkwe na Paka Wake

Mimi na yule paka hatukuwahi kupendana. Alikuja na mama mkwe wangu kutoka Oldeani, siku mume wangu alipomleta mama yake kukaa nasi hapa Karatu. Mama alikaa mbele kwenye gari, paka akawa nyuma ndani ya tenga la kuku, analalamika njia nzima. Panya wa stoo aliwamaliza, hilo sikatai. Lakini alipozeeka akaanza kukojoa ndani, nikaona sasa nimekomeshwa. Alikojoa nyuma ya kochi, akakojolea viatu vyangu vya kanisani, halafu kitanda cha mama mkwe nacho kikaanza kukutwa kimelowa asubuhi.

Ilikuwa Julai, ukungu umetukalia mpaka mchana, na blanketi zito halikauki. Nafua, naanika, naanua bado limetota, nalitundika juu ya jiko. Nyumba nzima ikanuka mkojo na moshi. Mgeni akibisha hodi tu, moyo unanilipuka.

"Amefanya tena," mama anasema, macho ameyaelekeza ukutani.

"Huyu paka wako, Mama, atanitoa roho!"

Mume wangu ni dereva wa watalii, na wiki hiyo alikuwa na wageni mbugani, kule kreta. Kwenye simu akasema tumtie paka kwenye kiroba, tukamtupe mashamba ya kahawa. Wengi huku hufanya hivyo, maana kuua paka wanaogopa mkosi. Nikamwambia anyamaze. Mzee wa namna ile, meno yameisha, atakula nini kwenye mibuni? Kama ni kumwondoa, aondoke bila kuteseka. Nikampigia daktari wa mifugo, yule anayetutibia ng'ombe, akaahidi kupita Jumamosi.

Mama aliposikia akalia. Kulia hasa, mabega yanatikisika. "Mwache, mwanangu. Mwache tu." Nikadhani ni mapenzi ya paka.

Ijumaa jioni nikaona niokoe angalau blanketi. Nikamfungia paka stoo, nikapiga kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Asubuhi kitanda kimelowa chapachapa.

"Aliingia alfajiri," mama akasema.

Ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwangu. Mungu wangu! Mimi nimelelewa kwamba mkwe hamuulizi mama mkwe habari za kitanda chake, hata kukikalia ni kukosa adabu. Sasa nitasema nini? Na daktari yuko njiani na sindano, anakuja kumuua paka kwa kosa ambalo nusu yake si lake. Nikashika simu nimwambie asije. Nikaiweka. Nikaishika tena. Pikipiki ikasikika getini nimeishikilia vilevile, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

"Shikamoo, bibi," daktari alimsalimia mama.

"Marahaba."

Nikamtoa paka stoo. Daktari akampokea, akaanza kumbonyeza tumbo taratibu. Nikawa namwomba Mungu aseme ni mzima, twende zetu.

"Figo zimekwisha," akasema. "Ndiyo maana anakunywa maji sana na kukojoa ovyo. Na anaumia huyu. Naweza kumlaza moja kwa moja leo, asisikie kitu. Au mkae naye, lakini kula ataacha, na mtamwona akiisha kidogo kidogo. Ni uamuzi wenu."

"Tukisubiri je, daktari?" nikamuuliza. "Blanketi si tatizo. Nitafua mimi. Nitafua kila siku, wala sitauliza ni nani."

Daktari alinishangaa, hakuelewa. Mama alielewa. Wiki nzima alikuwa anakwepa kunitazama, sasa akanitazama, midomo inamcheza. Nikaogopa nimeharibu. Nikatamani nimeze yale maneno.

Akanyoosha mikono, akampakata paka na kumfunika kwa pembe ya shuka lake. "Haya, mzee mwenzangu," akamwambia polepole. "Umenisitiri vya kutosha."

Kisha akamgeukia daktari. "Mchome. Asiumie kwa ajili yangu."

Alimshika mwenyewe mpaka mwisho. Tukamzika nyuma ya stoo. Mimi, niliyekuwa namwita shetani, nililia mpaka mama ndiye akanibembeleza.

Kesho yake kitanda kilikuwa kimelowa. Mama ameketi pembeni, blanketi amelikunja mapajani. Nikalichukua kwake. Kabla sijatoka, simu ikaita. Alikuwa mume wangu, na simu yangu hiyo, anayeongea upande wa pili husikika chumba kizima.

"Poleni na paka, jamani," akasema. "Lakini angalau sasa mama analala pakavu?"

Mama akainamisha kichwa. Blanketi lilikuwa linanilowesha tumboni.

"Pakavu kabisa," nikasema.