Mpira Uliotoka Dirishani

Juzi huko Kwa Vonza, ambako maji ya kisima yana chumvi ya kuharibu chai, nilikuta jikoni kwa jirani yangu kumejaa watu. Binti yake alikuwa ametuma kichujio cha kutoa chumvi, na fundi alikuwa amelala chali chini ya sinki, miguu tu ndiyo inaonekana. Sote tulishika vikombe tayari.

"Mwaitu," fundi akamwita jirani yangu, yaani mama kwa Kikamba, "huu mpira mwembamba sasa nauingiza kwa bomba la maji machafu. Unatoa yale ya kutupwa."

Mama mwenye nyumba akaweka kikombe chini. "Ya kutupwa yana nini?"

"Yamebeba chumvi yote."

"Na mbuzi zangu nazinunulia chumvi dukani?" Akafungua dirisha, akanyoosha kidole zizini. "Pitisha hapa."

Fundi alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi, lakini aliupitisha. Tukanywa maji matamu kwa zamu, huku nje mbuzi wakigombania karai.

Sisi Wakamba tuuzie mashine yoyote, ila usituambie kuna maji ya kutupwa. Nyumba ile nzima, aliyebaki na kiu ni sinki.