Gari la Marehemu Kule Tura

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelewa, nikwambie mapema: pombe sijawahi kuionja. Na macho yangu ni mazima, maana riziki yangu inatoka kwenye vitu vidogo: swichi za magari, vitasa, loki za usukani. Gereji yangu iko Gongoni, na ukiulizia fundi wa funguo pale Tabora mjini utaletwa mpaka mlangoni. Haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwa bado halijazama. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Alinipigia simu kijana mmoja, Daudi, kutoka kijiji kilicho jirani na Tura. Marehemu baba yake alikuwa ameacha gari la zamani, saluni ndefu ya miaka ile ambayo mabati yalikuwa mabati. Usukani umejifunga, ufunguo haupo. Jumamosi dada yake, Neema, alikuwa anaolewa, na baba yao alikuwa amemwahidi tangu akiwa mtoto kwamba ataenda kanisani kwa gari lile. "Fundi, ahadi ya marehemu hiyo," akaniambia. "Njoo ufungue tu, mengine tutamaliza wenyewe." Nikamuuliza ufunguo ulipotelea wapi. Akasema umepotea tu. Nikaridhika. Watu hupoteza funguo kila siku, ndiyo maana mimi ninakula.

Nikafika na basi siku mbili kabla ya harusi. Nyumba ya watu wa dini, wakulima, uwanja umefagiliwa, akina mama wamejaa wanachambua mchele. Mama mwenye nyumba, Mama Neema, alinipokea vizuri sana, lakini nilipotaja gari akageuka kutazama masufuria. Daudi ndiye aliyenipeleka nyuma ya nyumba, akaondoa turubai, akaniacha na kazi yangu.

Gari lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Nikaingia kiti cha dereva, nikatoa vifaa vyangu. Sasa nikueleze jambo moja la ufundi ili unielewe. Usukani ukijifunga, ndani kuna ulimi wa chuma umeingia kwenye tundu la shafti, kile chuma kirefu kinachounganisha usukani na magurudumu. Ukilazimisha, unavunja. Kinachotakiwa ni kuusukuma usukani kidogo, kulia, kushoto, kuutafutia ule ulimi nafasi, huku mkono mwingine unachezea tundu la ufunguo. Kazi ya subira. Mafundi wengi hawana subira, wanapiga nyundo, wanang'oa swichi yote, wanaunga nyaya chini ya dashibodi, gari linawaka kwa kugusisha nyaya kama redio mbovu. Mimi sifanyi hivyo.

Nilihangaika mchana kutwa. Kila nikiusukuma usukani kushoto, ulikuwa unarudi. Hilo la kawaida. Lakini alasiri ile ukaanza kurudi kwa nguvu. Niamini, ninajua chuma kinavyorudi na ninajua mtu anavyovuta. Huyu alikuwa mtu. Nilipovuta, naye akavuta. Nilipoacha, naye akaacha.

Nikatoa mikono, nikajiambia ni njaa. Niligeuka kuchukua bisibisi, nikakuta mzee ameketi kiti cha pembeni.

Mlango sikuusikia. Amevaa koti zito jeusi kwenye joto lile, ndevu nyeupe zilizonyolewa vizuri, na mkono wa kulia ameufumba juu ya goti. Nikadhani ni mmoja wa wazee wa harusi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Nikamwona ana kiburi. We umewahi kuona mtu mzima wa huku kwetu akaacha kuitikia shikamoo? Hapo ndipo nilipotakiwa kushuka nikimbie, lakini heshima ikanikalisha.

Akauliza, "Atapanda nani?"

"Bibi harusi, mzee. Neema, binti wa nyumba hii."

Mzee akainua ile ngumi, akagonga chini ya usukani mara kadhaa, pale shafti inaposhukia miguuni kwa dereva. "Nimelifunga mimi," akasema. "Tazama chini."

Kisha akaiweka ngumi yake juu ya mkono wangu wa kulia. Ilikuwa baridi, na nzito, na nilihisi ndani yake kuna kitu kigumu. Nikafanya alivyosema, nadhani ili nisimtazame usoni: nikainama na tochi yangu mpaka shavu likagusa kanyagio.

Nikaiona. Shafti ya usukani ilikuwa imewahi kukatika, na mtu aliichomelea. Spea za magari haya hazipatikani, watu wanachomelea, wanapaka rangi, maisha yanaendelea. Lakini shafti ya usukani haichomelewi. Pale palipochomelewa palikuwa pamefunguka, ufa umezunguka karibu shafti nzima, ukucha wangu ukaingia. Gari lile lingetembea, lingepinda kona moja, mbili, halafu dereva angebaki na usukani mapajani.

Nilipoinuka, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Juu yake kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, kama wa shimo lililochimbwa muda huohuo. Uwanja ule wote ni mchanga mweupe.

Nilikwenda jikoni. Nikamweleza Mama Neema habari ya shafti, na sikuweza kuinyamazia ile nyingine. Nilipotaja koti jeusi alinitazama tu. Nilipotaja mkono uliofumbwa, ungo ukamtoka, mchele wote chini.

Ndipo akaniambia. Mumewe alifia ndani ya gari lile. Alirudi siku hiyo kutoka Tabora, akaegesha, akaufunga usukani, akachomoa ufunguo, na moyo ukasimama hapohapo kabla hajashuka wala kumwambia mtu neno. Walipomwosha, mkono ulikuwa umefumbata ufunguo na haukufumbuka. Wazee wakakataza kuvunja vidole vya maiti. Wakasema alichoshika mwacheni nacho. Wakamzika nao, na koti lake, na kaburi likasakafiwa kwa saruji.

"Tulidhani analipenda sana gari lake," akasema, na akalia.

Daudi aliposikia alikuja juu. "Fundi, nimekuita ufungue gari au upige ramli?" Nikamwambia, mwanangu, nipe muda nitafute shafti mjini, harusi endeni na gari lolote. Nikamsihi mbele ya mama yake. Akasema kama nimeshindwa niseme nimeshindwa. Neema alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina hina, ananitazama. Nikamwambia yeye, "Dada, usipande." Nikarudi Tabora na pikipiki, vifaa vyangu mapajani.

Ijumaa wakamleta fundi mwingine. Sikumjua na sitaki kumjua. Aling'oa swichi, akavunja loki, akaunga nyaya. Gari likawaka, watu wakapiga vigelegele. Mama anasema alilia hadi asubuhi na hakuna aliyemsikiliza, maana wote walidhani ni machozi ya kumwozesha binti.

Jumamosi Neema alitoka na shela lake, akafika mlangoni pa gari lile lililopambwa riboni, akasimama. Akasema hapandi. Akaenda kukaa nyuma ya pikapu ya wanakwaya, na shela lake, kwenye vumbi. Daudi akaona kaaibishwa. Akaondoka peke yake mbele ya msafara, kiti cha bibi harusi kitupu. Barabara ilipopinda kabla ya kalavati, gari halikupinda.

Nilikwenda msibani. Niliyoyasikia huko nimeyasikia kwa mama mwenyewe, si kwa watu wa pembeni. Walipomwosha Daudi, mkono wake wa kulia ulikuwa umefumba. Wazee walewale wakaanza kusema mwacheni. Mama akaingia akawasukuma. Akasema, "Baba yake nilimwacha aende na mkono umefumba. Huyu hapana." Akaufumbua mwenyewe, kidole kwa kidole.

Ndani kulikuwa na ufunguo, meno yake yamejaa udongo mwekundu. Gari lile halikuwa tena na mahali pa kutia ufunguo. Na kaburi la mzee tulikwenda kulitazama, mimi na wanaume wengine: saruji haina hata mstari. Sasa niambie, ufunguo ule ulitoka wapi. Mama hakutaka ubaki nyumbani; aliurudisha mkononi mwa mwanawe, akaufunga kwa leso, wakamzika nao.

Neema aliolewa baadaye, bila ngoma. Yuko hai. Hilo ndilo ninaloshukuru nikisujudu.

Mimi siku hizi sifungui gari la marehemu kabla sijauliza nani alilifunga na alikuwa anatoka wapi. Wenzangu Gongoni wananitania, wananiita mganga wa usukani. Na wewe, kikikugomea kitu alichoacha mtu, usikimbilie nyundo. Inama kwanza utazame chini.

Wananitania kwa sababu hawalali kwangu. Kila asubuhi ninaamka mkono wa kulia umefumba, baridi, na sina nguvu ya kuufungua. Mke wangu huufumbua, kidole kwa kidole, huku anasoma dua, na hatazami mpaka amalize. Mpaka leo hajakuta kitu.